Kupanga RAM kwenye kompyuta ya mezani: sloti ipi, jozi ipi, na jinsi ya kujua imekubali

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi zimewahi kukaa kwenye ofisi ya mtu ng'ambo. Ni zile tunazoziita ex-UK: Dell Optiplex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zinapakuliwa, zinapanguswa vumbi, zinawekewa Windows, kisha zinapangwa kwenye rafu za Moi Avenue na Luthuli. Katikati ya shughuli hizo RAM, yaani vile vipande vya kumbukumbu ya muda, huchomolewa na kurudishwa mara kadhaa, na anayeirudisha huwa na haja moja tu: mashine iwake na iandike 8GB. Ikiwaka, imeuzika. Kwamba RAM zote mbili zimekaa upande mmoja, zikigombania njia moja huku njia ya pili ikiwa tupu, hilo mnunuzi haambiwi, na Windows nayo haimwambii.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa kununua RAM nyingine, fungua mashine uone ulizo nazo zimekaa wapi. Mara nyingi kasi unayotaka kuinunua umeshailipia, ila imekaa mahali pasipofaa.

Chaneli ni mbili, hata kama sloti ni nne

Prosesa za kawaida za mezani, ziwe za Intel au za AMD, huwasiliana na RAM kupitia chaneli mbili. Kila chaneli ina upana wa biti 64. Ubao mama (motherboard) wenye sloti nne hauna chaneli nne. Una chaneli A na chaneli B, kila moja ikiwa na sloti mbili. Ukiweka RAM mbili kwenye chaneli A, prosesa inatumia biti 64 tu. Ukiweka moja A na nyingine B, inatumia biti 128 kwa wakati mmoja.

Kwa takwimu ni hivi (DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, kutoka cha zamani hadi kipya): DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha hadi GB 12.8 kwa sekunde kwenye chaneli moja, na 25.6 zikitumika zote mbili. DDR4 ya 3200 hupitisha 25.6 kwa chaneli moja na 51.2 kwa mbili. Hizo ni hesabu za juu kabisa, na kazi halisi haizifikii, lakini zinaonyesha unachokosa. DDR3 ya mwaka wa zamani iliyopangwa vizuri hupitisha data sawa na DDR4 ya 3200 iliyokaa peke yake.

Je, utaihisi tofauti? Inategemea kazi yako. Mwenye saiba anayejazia watu fomu za KRA na eCitizen kutwa nzima hataiona, na fundi akimwambia kompyuta itakuwa mpya kabisa, anamdanganya. Anayepunguza ukubwa wa mafaili makubwa, anayehariri video, au anayeendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ataona nafuu ya kiasi. Atakayeshangaa hasa ni yule anayecheza michezo bila kadi ya grafiki, akitegemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa, kama ile ya Ryzen 5 3400G au 5600G, au ile ya Intel. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya mashine, na upana wa njia ya RAM ndio pumzi yake. Hapo RAM moja ya 16GB na mbili za 8GB ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa jumla ni ileile.

Hata hivyo, ukubwa hutangulia mpangilio. Mashine yenye 4GB ambayo Chrome imeijaza itaanza kuhamishia data kwenye diski, na hata iwe na chaneli mbili zinazofanya kazi sawasawa, itakwama tu. Ukilazimika kuchagua leo kati ya 8GB kwenye chaneli moja na 4GB kwenye chaneli mbili, chukua 8GB, kisha utafute mwenzake baadaye.

Kagua kabla ya kushika bisibisi

Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Utaona ukubwa, kasi inayotumika sasa, na sloti ngapi zimejaa kati ya ngapi zilizopo. Ila Task Manager haikwambii RAM zimekaa chaneli gani, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanaona "2 of 4" na kuridhika.

Pakua CPU-Z, programu ya bure na ndogo. Kwenye ukurasa wa Memory kuna sehemu ya Channel. Ikiandika Single, au 1 x 64-bit kwenye matoleo mapya, wakati una RAM mbili, umeshampata mwizi. Hapohapo utaona DRAM Frequency. Usishtuke ukikuta nusu ya ulichotarajia: RAM za DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa, kwa hiyo RAM ya 1600 itaonekana kama megahezi 800 hivi, na ya 3200 kama 1600. Kwenye mashine za DDR5, CPU-Z inaweza kuonyesha chaneli nne za biti 32, kwa sababu kila RAM ya DDR5 imegawanywa ndani mara mbili. Mbili za biti 32 ni chaneli moja ya biti 64, basi usidhani umepata kitu cha ziada.

Ukitaka majina ya sloti zenyewe, fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed, ConfiguredClockSpeed, PartNumber

Safu ya DeviceLocator itakutajia sloti, kwa mfano DIMM1 au ChannelA-DIMM0. Wa Linux atumie sudo dmidecode -t memory.

Angalia pia kama Windows yenyewe ni ya biti 32 au 64. Mashine ya zamani iliyowekewa Windows 10 ya biti 32 haitatumia zaidi ya 4GB hata ukiijaza RAM hadi juu. Na kama grafiki iko ndani ya prosesa, kiasi fulani cha RAM huwekwa kando kwa ajili yake, hivyo ukikuta 8GB yako imepungua kidogo, hujaibiwa.

Stika inasema nini

Zima mashine na utoe stima kama inavyoelezwa hapa chini, kisha chomoa RAM moja usome mstari mdogo ulioandikwa kwenye stika. Tuseme unasoma hivi: 4GB 1Rx8 PC3L-12800U.

4GB unaijua. 1Rx8 inaeleza chipu zilivyopangwa: 1R ni safu moja ya chipu, 2R ni safu mbili, na x8 ni kwamba kila chipu hutoa biti 8. Nane mara nane ni 64, ndiyo maana RAM ya 1Rx8 huwa na chipu nane, mara nyingi upande mmoja tu, na ya 2Rx8 huwa na kumi na sita. Ukihesabu tisa badala ya nane kwenye DDR3 au DDR4, hiyo ni ECC, RAM yenye chipu ya ziada ya kusahihisha makosa, na kompyuta nyingi za kawaida hazina matumizi nayo.

PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Haziingiliani: pengo lililokatwa kwenye ukingo wa dhahabu liko mahali tofauti kwa kila kizazi, ili usiweze kuchomeka isipofaa. Herufi L ni volti ya chini: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35. Tarakimu 12800 ni megabaiti kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate kasi, 1600. Kwenye stika nyingi za DDR4 watengenezaji huandika kasi moja kwa moja, kama PC4-2400T, huku wauzaji wakiandika PC4-19200. Ni kitu kimoja.

Herufi inayofuata, ile U ya mwisho kwenye mfano wetu, ndiyo inayowaponza watu. U ni RAM ya kompyuta ya mezani. S ni fupi, ya laptopu, lakini pia hutumika kwenye mezani zile ndogo sana kama Optiplex Micro, kwa hiyo fungua kwanza ujue. R ni ya seva. RAM ya seva ya DDR3 au DDR4 itaingia kwenye sloti yako bila shida yoyote, itabana vizuri, na mashine haitawaka. Ndiyo sababu utaikuta inauzwa kwa bei inayokufanya ujione una bahati.

Dukani mazungumzo huenda hivi:

"Bosi, hii ni PC3 ama PC3L?"

"Ni DDR3, mkubwa. Itaingia tu."

Kuingia itaingia. Lakini mashine chache za Intel kizazi cha sita zinazotumia DDR3 zinahitaji ile ya volti 1.35, ilhali RAM ya PC3L hukubali volti zote mbili. Basi kama zote ziko kwenye trei, chukua yenye L, itakufaa popote. Na kama ni DDR3 ya 8GB ya bei ya kutupa, uliza kama si zile zilizotengenezwa kwa ajili ya AMD pekee, Intel huzikataa.

Kununua jozi yenye namba moja ya modeli ni bora kuliko kuokoteza. Ukipata mbili zilizotoka kwenye mashine moja, hata kama zimetumika, hizo ni jozi. Kama unatafuta mwenzake wa RAM uliyo nayo, ibebe uende nayo mjini, au upige stika picha iliyo wazi. Linganisha ukubwa, kizazi, kasi, volti na ile 1R au 2R. Jina la kampuni halina uzito mkubwa. Samsung na SK Hynix hukaa pamoja bila ugomvi kama hayo mengine yanalingana. Yasipolingana, zote hushuka hadi kasi ya ile ya chini: 2666 ikikaa na 2133, una 2133 mbili.

Omba ijaribiwe palepale kaunta, na uandikiwe risiti yenye muda wa waranti. Duka likikataa kuijaribu, nenda la pili. Luthuli haina uhaba wa maduka.

Kufungua na kuchomeka

Zima kompyuta kabisa, si kuilaza. Chomoa waya wa stima, maana hata mashine ikizimwa, ubao mama hubaki na stima kidogo ya kusubiri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano hivi ili chaji iliyosalia itoke. Laza kasha kwenye meza ya mbao, toa kifuniko, kisha gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kugusa chochote ndani. Rudia kugusa kila unapoondoka na kurudi, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu na umevaa sweta ya nailoni.

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha. Ukichanganyikiwa utashukuru.

Kwenye makasha madogo ya ofisi, sloti zinaweza kuwa chini ya fremu ya diski. Inua fremu, usijaribu kupenyeza vidole. Kwenye mashine zilizoundwa mtaani zenye kipoza joto kikubwa cha mnara, feni inaweza kufunika sloti ya kwanza. Pima kabla ya kununua RAM zenye mapambo marefu ya chuma.

Vumbi letu jekundu hupenda kujazana ndani ya sloti tupu. Lifagie kwa brashi laini iliyo kavu au hewa ya mkebe. Usipulize kwa mdomo, mate huruka. Ukingo wa dhahabu wa RAM iliyotumika ukiwa umefifia, usugue polepole kwa raba nyeupe ya penseli, kisha upanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili, uache ukauke.

Sasa kuchomeka. Fungua vishikizo vya sloti kwa nje. Baadhi ya mbao mama zina kishikizo upande mmoja tu. Huko anza kuketisha upande usiofunguka. Linganisha pengo la RAM na kizuizi kilicho ndani ya sloti. Kama havilingani, geuza RAM. Ikikataa hata ukigeuza, si ya kizazi hicho. Weka vidole gumba juu ya ncha zote mbili, sukuma kwa nguvu sawa. Itataka nguvu kuliko unavyodhani, na ubao utapinda kidogo. Utasikia "ta" upande mmoja, halafu "ta" wa pili, na vishikizo vitajifunga vyenyewe. Chungulia kutoka pembeni: mstari wa dhahabu unaobaki kuonekana uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiona umepanda upande mmoja hata kwa milimita moja, haijaingia, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mashine kuwaka bila picha.

Mpangilio wenyewe

Hesabu sloti ukianzia zilizo karibu na prosesa. Kwenye mbao nyingi za kisasa zenye sloti nne, mpangilio ni A1, A2, B1, B2. Maandishi hayo yamechapwa kwa herufi ndogo sana pembeni ya sloti. Washa tochi ya simu.

RAM mbili ziende A2 na B2, yaani ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Si A1 na A2, ingawa zikikaa bega kwa bega zinapendeza macho; hapo zote ziko chaneli moja. Na kwa nini si A1 na B1, ambazo nazo ni chaneli mbili? Kwa sababu ya nyaya zilizo ndani ya ubao. Kwenye mbao nyingi za leo, waya wa chaneli hutoka kwenye prosesa, hupita sloti ya kwanza, na huishia sloti ya pili. RAM ikikaa ya kwanza, kipande cha waya kinachoendelea hadi sloti tupu hurudisha mawimbi nyuma, kama sauti inavyorudi kwenye chumba kisicho na samani. Kwa kasi za chini prosesa inavumilia. Kwa DDR4 ya 3200 na kuendelea, na zaidi kwa DDR5, kelele hiyo inatosha kuzuia mashine kuwaka kwa kasi iliyoandikwa kwenye stika. RAM ikikaa mwisho wa waya, hakuna mkia unaobaki.

RAM moja, kwa sababu hiyohiyo, iende A2.

Sasa mashine za ofisi, ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Dell haziandiki A na B. Zinaandika DIMM1 hadi DIMM4, na namba hizo mara nyingi hazifuatani kwa macho. Unaweza kukuta DIMM3 iko karibu na prosesa, ikifuatiwa na DIMM1. Kanuni ya Dell ni kufuata namba: RAM mbili ziende DIMM1 na DIMM2, popote zilipo kwenye ubao. Kwenye Optiplex nyingi zenye sloti nne, hizo ni zile zenye vishikizo vyeupe. HP na Lenovo wana utaratibu wao, na kwa HP mara nyingi mchoro umebandikwa upande wa ndani wa kifuniko ulichokwisha kukiweka sakafuni. Kiokote ukisome. Kama hakuna, tafuta mwongozo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya Memory.

Rangi za sloti usiziamini peke yake. Kwenye mbao nyingi rangi moja ina maana chaneli mbili tofauti, yaani jaza zenye rangi sawa, lakini si kila mtengenezaji hufuata hilo, na mbao nyingi siku hizi zina sloti nyeusi zote.

Mbao zenye sloti mbili tu, kama nyingi za aina ya H61, H81 na H110 (namba hizo huwa kwenye jina la ubao), hazina kitendawili: jaza zote mbili. Kumbuka tu kikomo: H61 na H81 huishia 16GB.

RAM zisizolingana ukubwa, kwa mfano 4GB na 8GB, bado zinastahili kuwekwa chaneli tofauti. Intel ina utaratibu unaoitwa Flex: 4GB za upande mmoja huoanishwa na 4GB za upande wa pili, hizo 8GB zikafanya kazi kwa chaneli mbili, na 4GB zilizobaki zikaenda kwa chaneli moja. Si haba. Ni afadhali sana kuliko kuzibananisha upande mmoja.

RAM tatu ndizo zinazowachanganya hata mafundi. Kinachotakiwa ni jumla ya kila chaneli ilingane, si idadi ya vipande. Una 4GB, 4GB na 8GB? Weka 4GB zote mbili kwenye chaneli A na ile ya 8GB peke yake kwenye B2. Kila upande una 8GB, na mashine itafanya kazi kwa chaneli mbili kamili. Ukizipanga kwa pupa, 4GB na 8GB upande mmoja na 4GB upande mwingine, unapata 12GB dhidi ya 4GB, na nusu ya RAM yako itakuwa inapita njia moja.

RAM nne hujaza kila kitu, kwa hiyo hakuna swali la sloti ipi, ila kama ni jozi mbili tofauti, kila jozi igawanywe: moja A, mwenzake B. Kwenye DDR3 na DDR4 za ofisi, nne hazina tatizo. Kwenye DDR5 mambo yamebadilika. AMD kwa Ryzen 7000 inaahidi kasi ya 5200 ukiweka RAM mbili, na 3600 tu ukiweka nne. Umeongeza pesa, umepunguza kasi. Kwa mashine ya DDR5, mimi nisingenunua nne za 8GB hata kwa punguzo. Ningenunua mbili za 16GB na kuziacha sloti mbili zipumzike.

BIOS: kasi iliyoandikwa si kasi unayopata

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, vumilia. Mashine inaweza kuzima na kuwaka yenyewe mara kadhaa, na ya DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikijipima na RAM mpya. Usiichomoe. Dell na HP huweza kuleta ujumbe kwamba ukubwa wa kumbukumbu umebadilika, kubali uendelee.

RAM za kasi kubwa huanza kwa kasi ya chini iliyo salama. Ile 3200 au 6000 iliyoandikwa kwenye boksi ni wasifu uliohifadhiwa ndani ya RAM, na ni lazima uuamuru uanze. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, mara nyingi kwa Delete au F2, utafute XMP kwenye bodi za Intel, au EXPO au DOCP kwenye za AMD. Uwashe, hifadhi, anzisha upya.

Lakini prosesa na ubao vina kauli ya mwisho. Core i5-6500 hufika DDR4 ya 2133. Core i5-8400 hufika 2666. Kwenye bodi za bei nafuu za Intel za vizazi hivyo, kama H110, H310 na B360, huwezi kuvuka hapo. Kuanzia B560 ya mwaka 2021 ndipo Intel ilipolegeza. AMD ilikuwa na mkono mwepesi zaidi: hata B350 na B450 zinaruhusu. Optiplex na EliteDesk, kwa kawaida, hazina XMP kabisa. Kwa hiyo kuinunulia Optiplex ya kizazi cha sita inayotumia DDR4 RAM ya 3200 ni halali, itafanya kazi, ila itafanya kazi kama 2133. Nunua ya bei nafuu, tofauti uiongezee kwenye SSD.

Jambo dogo la hapa kwetu: betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, kwenye mashine iliyokaa bohari miaka huwa imekufa. Kila ukizima soketi ya ukutani usiku, au stima ikipotea, mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani na XMP inajizima. Ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma kila asubuhi, badilisha betri kwanza.

Isipowaka

Usianze kulaani RAM. Chomoa stima, toa RAM zote, rudisha moja tu kwenye sloti inayotakiwa kutangulia, ujaribu. Ikiwaka, badilisha na ya pili kwenye sloti ileile. Hivyo utajua kama mgonjwa ni RAM. Kama zote mbili zinawaka hapo, jaribu moja yake kwenye sloti nyingine, ujue kama mgonjwa ni sloti.

Mashine yenyewe husema pia. Kwenye Dell za miaka ya karibuni, taa ya kuwashia ikipepesa rangi ya chungwa mara 2 na nyeupe mara 3, haijaona RAM yoyote. 2 na 4 ni RAM mbovu. HP za zamani hupepesa nyekundu mara 5 na kulia mara 5. EliteDesk mpya zaidi hupepesa nyekundu mara 3 kwa kirefu na nyeupe mara 2 kwa kifupi. Ikishindikana kabisa, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache huku waya wa stima ukiwa umechomolewa, irudishe, ujaribu tena na RAM moja. Hii ndiyo dawa pia pale XMP inapokataa na skrini kubaki nyeusi.

Hakikisha, kisha itese

Rudi kwenye CPU-Z. Channel iseme Dual (au 2 x 64-bit, na kwa DDR5 4 x 32-bit), na DRAM Frequency ikizidishwa kwa mbili ikupe kasi uliyotegemea. Fungua ukurasa wa SPD uone namba ya modeli ya kila RAM. Isipofanana na stika, stika hiyo ilibandikwa na mtu mwingine, na risiti yako ina kazi.

Halafu ijaribu kwa uzito. Windows ina chombo chake, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Kinatosha kunasa RAM iliyooza wazi, lakini Memtest86+ ni kali zaidi: iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo, uiache usiku kucha kama mtaa wako stima haichezi. Jibu linalokubalika ni sifuri. Kosa moja tu jekundu ni RAM mbovu, au ni kasi ambayo mashine haiiwezi. Zima XMP urudie. Makosa yakiisha, shusha kasi hatua moja, mathalani kutoka 3200 hadi 2933, ujaribu tena. Yakiendelea hata bila XMP, pima kila RAM peke yake hadi umpate mwenye kosa, piga picha ya skrini ikiwa na makosa hayo, na urudi nayo dukani kabla waranti haijaisha. Ukiwa umenunua jozi, rudisha zote mbili.